Mwaka wa Kawawa tusiousoma

Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru kwa siku 44 tu. Uhuru tuliupata tarehe 9 Desemba 1961, na ilipofika Januari 22, 1962 akajiuzulu ili akakijenge chama, TANU. Kiti akamwachia Rashidi Mfaume Kawawa, kijana wa miaka 35.

Juzi nilikuwa namsaidia mwanangu kazi ya historia. Daftari lake lina mstari wa Uhuru, 1961, na chini yake Muungano, 1964. Kati ya hiyo miwili hamna kitu. Iliniuma, maana mengi tunayoishi nayo hadi leo yalipikwa katika mwaka mmoja wa hapo katikati, 1962.

Chukua mkuu wa mkoa. Wakoloni walituachia maofisa wao wa majimbo na wilaya, Waingereza waliozoea kutawala kwa faili. Serikali ya Kawawa ikawaondoa, ikaweka wakuu wa mikoa ambao papo hapo walikuwa makatibu wa TANU. Mtu mmoja, kofia mbili. Mwananchi aliyekuwa na shida hakujua tena serikali inaishia wapi na chama kinaanzia wapi, na kwa maoni yangu mkanganyiko huo haujatutoka hata baada ya vyama vingi kurudi 1992. Wizara ya Fedha nayo ikatoka mikononi mwa Mwingereza, Ernest Vasey, ikaenda kwa Paul Bomani, mtu wa ushirika wa pamba kule Kanda ya Ziwa. Hilo nalipenda bila masharti.

Kinachonisumbua ni kingine. Kawawa alilelewa na vyama vya wafanyakazi. Alikuwa Katibu Mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, akiijua migomo ndani nje. Lakini ni serikali yake iliyopitisha, mwaka ule ule wa 1962, sheria iliyoufanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, na nyingine ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Najua utetezi wake: nchi ilikuwa changa, wataalamu wa kuhesabika, kila mtu anadai matunda ya Uhuru kesho asubuhi. Naelewa hofu ile. Sheria zenyewe siwezi kuzitetea, kwa sababu waliozitunga walikuwa wametoka tu kupigania haki hizo hizo dhidi ya Mwingereza.

Hata hivyo namheshimu sana Mzee Kawawa. Novemba 1962 Nyerere alimshinda Zuberi Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura za urais, na Desemba 9 Tanganyika ikawa Jamhuri. Kawawa alikuwa ameshika serikali kwa zaidi ya miezi kumi, muda wa kutosha mtu kuuonja utamu na kunogewa. Akampisha Mwalimu, akawa Makamu wa Rais, kazi ikaendelea.

Mwanangu nimemwongezea mstari mmoja kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu: 1962, Kawawa.