Vidole vya mkono wa kushoto katika Chopin: kufuata namba zilizochapwa au kufuata mkono?

Miongoni mwa wanaofundisha na wanaojifunza piano hapa Moshi, kuna ubishi unaoibuka karibu kila mwanafunzi anapofikia Nokturni (kipande cha piano cha utulivu) ya mtunzi Chopin ya E-flati meja, Opasi 9 Namba 2. Je, mkono wa kushoto ufuate namba za vidole zilizochapwa juu ya nota (1 kwa gumba hadi 5 kwa kidole kidogo), au kila mpigaji ajipangie vidole kulingana na mkono wake? Wa upande wa kwanza husema kwamba namba hizo ziliwekwa na watu waliobobea, na kwamba mwanafunzi anayeziacha mapema huishia kubahatisha upya kila anapokaa kwenye piano. Wa upande wa pili hujibu kwamba mkono wa aliyeziandika si mkono wa anayezisoma, na kwamba kidole kilicholazimishwa huleta ukakamavu unaopanda hadi begani. Kila upande una hoja yenye uzito. Hata hivyo naona pande zote mbili zinaruka swali ambalo lingepaswa kutangulia, nalo ni kazi ya mkono wa kushoto katika kipande husika: unasindikiza, au wenyewe ndio unaoimba?

Nokturni hii, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1830, inakwenda kwa mdundo wa 12/8, yaani kila kipimo kina mafungu manne ya noti tatu tatu. Mkono wa kulia unaimba. Mkono wa kushoto, kwa sehemu kubwa, unagusa noti moja ya besi chini kabisa, kisha unaruka juu kupiga kodi mbili (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), kisha unarudi chini kuanza fungu linalofuata. Umbali kati ya besi na kodi mara nyingi unazidi oktava, na oktava moja ya piano ya kisasa ina upana wa takriban sentimita 16.5. Mtu mwenye mkono wa kawaida hawezi kuishikilia besi kwa kidole cha tano huku gumba likifika kwenye kodi.

Hapo ndipo mazoea ya wapigaji wetu yanapogongana na kipande. Wengi wa wanaopiga piano Moshi na Arusha, wakiwemo baadhi ya wanaokwenda kusomea shahada ya muziki Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Usa River, walianzia kwenye kinanda cha kanisani, wakisindikiza kwaya kwa nyimbo za sauti nne. Katika kazi hiyo mkono wa kushoto hubeba sauti za besi na teno, na sauti hukatika mara tu kidole kinapoinuka. Kwa hiyo mpigaji hujifunza kubadilisha vidole juu ya kitufe kilichokwisha kubonyezwa: anaingia na cha nne, anakibadilisha kwa cha tano kimyakimya, kisha anafika kwenye noti inayofuata bila ufa. Huu ni ujuzi wa thamani kubwa, na sikubaliani kabisa na wanaoudharau kana kwamba ni ushamba wa kanisani. Tatizo ni kwamba mpigaji huyo anapokutana na Nokturni hujaribu kuunganisha kwa vidole kile ambacho mtunzi alikikabidhi kwa pedali, yaani kikanyagio cha mguu kinachofanya sauti iendelee. Chopin aliweka alama za pedali ili besi iendelee kulia baada ya mkono kuondoka. Anayeng’ang’ania kuishika kwa kidole huikunjua mikono hadi ikakaza, na kodi zinazofuata hutoka kama zimepigwa kwa ngumi.

Kuna ushahidi wa jinsi Chopin mwenyewe alivyoufundisha mkono huu. Wilhelm von Lenz, aliyekuwa mwanafunzi wake, alisimulia kwamba mwalimu alimtaka afanye mazoezi ya sehemu ya kushoto peke yake, akiigawanya kati ya mikono miwili, na kwamba kodi zile zilipaswa kusikika kama kundi la magitaa. Agizo hili lina maana kubwa kwa mjadala wetu. Mwanafunzi anapopiga besi kwa mkono wa kushoto na kodi kwa mkono wa kulia, anasikia kwanza sauti inayotakiwa bila taabu ya kuruka. Ndipo anaporudi kwenye mkono mmoja na kutafuta vidole vitakavyoleta sauti ileile. Sikio linakuwa limetangulia kidole. Ningependa kila mwalimu wetu aanzie hapo kabla ya kubishana kuhusu namba.

Tuangalie besi moja kwa karibu: E-flati ya chini inayofungua kipande. Ni kitufe cheusi, chembamba na kilichoinuka. Toleo moja linaweza kukupa kidole cha tano, na sababu yake ni nzuri, kwa kuwa cha tano kikiwa kwenye besi sehemu kubwa ya kiganja tayari iko upande wa kodi, na safari ya kwenda juu inapungua. Lakini cha tano ni kifupi, na kwa anayeanza huteleza kwa urahisi pembeni mwa kitufe cheusi. Mwingine atatumia cha nne au hata cha tatu, ambacho ni kirefu zaidi na hutoa sauti iliyojaa bila kusukumwa. Gharama yake ni kwamba kiganja kizima kinabaki chini, na mkono lazima usafiri umbali mrefu zaidi kwa muda uleule. Kwa mwendo wa Andante, yaani wa taratibu, muda huo upo. Kwa hiyo, kwa mwenye mkono mdogo ambaye atalazimika kuruka kwa vyovyote vile, mimi huona ni heri cha nne kilicho thabiti kuliko cha tano kinachotetemeka. Kwa mwenye mkono mpana, cha tano hakina mpinzani.

Wanaotetea namba zilizochapwa wana hoja moja ambayo wapinzani wao huipita haraka mno. Chopin alijali sana mpangilio wa vidole. Nota za wanafunzi wake, zikiwemo za Jane Stirling kutoka Scotland, zimebaki na namba alizoziandika kwa mkono wake, na namba hizo zinaonyesha mawazo ambayo wengi wetu tusingeyafikia wenyewe. Aliruhusu gumba kwenye vitufe vyeusi wakati walimu wengi walikataza. Alikitelezesha kidole kilekile kutoka kitufe cheusi hadi cheupe, na alivusha cha tatu juu ya cha nne, na cha nne juu ya cha tano. Katika maandishi yake ya kitabu cha mbinu, ambacho hakukimaliza, alieleza kwamba kila kidole kina nguvu zake kwa maumbile yake, na kwamba cha nne kimefungamana na cha tatu kiasi kwamba kujaribu kuvitenganisha ni kazi bure. Mpangilio wa mtu mwenye fikra hizo unastahili kujaribiwa kwa uvumilivu hata pale unapoonekana wa ajabu. Ila si kila namba iliyochapwa ni yake. Katika matoleo mengi, namba nyingi ni za mhariri, na toleo zuri hutofautisha za mtunzi na za mhariri kwa aina ya herufi. Mwanafunzi aliyepakua nota kutoka intaneti bila kujua ni toleo gani hana njia ya kujua anamtii nani.

Upande wa pili nao una shahidi mzito. Mtunzi Mfaransa Claude Debussy, ambaye mwaka 1915 alihariri kazi za Chopin na mwaka huohuo akatunga mazoezi 12 ya piano kwa kumkumbuka, aliyaacha mazoezi hayo bila namba za vidole. Katika dibaji alieleza kwamba mpangilio mmoja hauwezi kufaa mikono yote iliyo tofauti, na akamtaka kila mpigaji atafute wake. Nakubaliana naye kwa sharti moja: kutafuta kuwe na mwisho. Mpangilio ukishapatikana uandikwe kwa penseli na uheshimiwe, kwa maana kidole kinachobadilika leo na kesho hakijengi kumbukumbu ya mkono, na siku ya kupiga mbele ya watu ndiyo siku kosa hilo linapojitokeza.

Hukumu hii hubadilika kabisa tukihamia kipande kingine cha Chopin, Preludi ya B maina, Opasi 28 Namba 6. Humo mkono wa kulia unarudia kodi kwa upole, na wimbo wenyewe uko kushoto, ukipanda kwenye noti za kodi ya B maina na kushuka kama anayeimba sauti nzito. Pedali ndefu huzichafua noti zinazofuatana hatua kwa hatua, hivyo vidole ndivyo vinavyopaswa kuunganisha. Mpigaji aliyelelewa na kinanda cha kanisani ana mtaji mkubwa hapa: mbinu ya kubadilisha kidole juu ya noti inayoendelea kulia, ambayo kwenye Nokturni ilimkwamisha, kwenye Preludi ndiyo inayomwokoa. Kwa kipande hiki mimi niko upande wa namba zilizofikiriwa kwa makini, na simshauri mwanafunzi ajipangie vidole kwa kufuata tu kile kinachomjia kirahisi.

Suala la ala haliwezi kukwepwa. Wengi hufanya mazoezi kwenye kinanda cha umeme chenye vitufe 61 vyepesi, na pedali ndogo ya waya inayoteleza sakafuni mguu unapoikanyaga, kisha siku ya onyesho wanakutana na piano ya zamani yenye vitufe vizito visivyolingana. Cha tano kilichotosha nyumbani hakitoi sauti pale. Kwa sababu hiyo, mpangilio wa besi usikubaliwe kuwa wa mwisho kabla ya kujaribiwa kwenye piano halisi, hata kama ni kwa kuomba nafasi ya nusu saa kwenye ukumbi wa shule.

Linabaki jambo la mikono isiyofika, hasa ya watoto, kwenye kodi pana za kushoto. Wapo wanaosema kipande kisubiri mkono ukue. Naona huo ni ukali usio na sababu, kwani noti ya juu ya kodi inaweza kuchukuliwa na mkono wa kulia pale unapokuwa karibu, au kodi ivunjwe, yaani noti zake zipigwe moja baada ya nyingine kuanzia chini. Anayeivunja azingatie jambo moja tu: pedali ibadilishwe besi inapolia. Akisubiri hadi noti ya juu, mguu unakuta kidole kimekwisha kuiacha besi, na kodi inabaki haina msingi.