Ukishateseka leba, mimba inayofuata uende kisu moja kwa moja?

Wifi yangu ana mimba ya tatu na familia imegawanyika kabisa. Mtoto wa kwanza alimzaa kawaida ila kwa mbinde, uchungu usiku na mchana, mwisho mtoto akavutwa kwa vakyumu na mwenyewe akachanika mpaka kwenye msuli wa haja kubwa. Wa pili akafika sentimita tisa, mapigo ya mtoto yakashuka, akakimbizwa thieta. Sasa mama yangu, ambaye ndo mkwe wake, anasema aliyewahi kusukuma atasukuma tena. Dada yake anasema asithubutu, apangiwe tarehe aende zake kisu akiwa ametulia. Kaka yangu yeye anauliza bei.

Mi naona wote wanabishana juu ya kitu ambacho hakipo. Wanalinganisha kuzaa kawaida kukiwa kumeenda vizuri na oparesheni, kama vile unaenda dukani unachagua, wakati ukweli hakuna mtu anayechagua kuzaa kawaida, unachagua kujaribu. Na kujaribu kuna matokeo mawili, unaweza ukazaa au ukaishia kupasuliwa saa nane usiku umeshachoka, chupa ilishapasuka zamani, na huyo wa saa nane ndiye mwenye hatari kubwa ya kuvuja damu na kupata maambukizi kuliko yule aliyepangiwa na kuliko yule aliyesukuma akamaliza. Kwa hiyo swali zima ni una nafasi kiasi gani ya kutoangukia huko.

Na hapo mama yangu ana pointi, tena kubwa kuliko anavyojua. Chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, RCOG, kinasema mwenye kovu moja la oparesheni akijaribu kawaida, kati ya wanawake 100 kama 72 hadi 75 wanafanikiwa. Ila kama alishawahi kuzaa kawaida hata mara moja inapanda hadi 85 mpaka 90. Yaani ule uzazi wa kwanza uliomtesa wifi, ambao dada yake anautaja kama sababu ya kukimbia, kwa hesabu hii ndo unamsaidia. Njia ilishapita mtoto. Isitoshe kilichompeleka kisu mara ya pili ni mapigo ya mtoto, sio nyonga ndogo, na mapigo kushuka mimba iliyopita haimaanishi na huyu yatashuka.

Kinachotisha upande huo ni kovu la kwenye kizazi kuachia. Kwa mwenye kovu moja la kukata kwa mlalo chini, anayejaribu kawaida, ni kama mmoja kati ya 200, na kwa aliyepangiwa oparesheni ni chini ya wawili kati ya 10,000. Mmoja kwa 200 ukiisikia haraka unaona ndogo, ila namba hizo zimetoka hospitali ambazo mama amefungwa mashine ya kusikiliza mapigo muda wote, damu ipo friji, na daktari wa ganzi yupo jengo hilohilo. Maana dalili ya kwanza ya kovu kuachia mara nyingi ni mapigo ya mtoto kubadilika. Kwetu, leba nyingi, nesi mmoja au wawili wana wamama wamejaa, wengine wamelala wawili kitanda kimoja, anakuja na kile kidude cha kusikilizia anakiweka tumboni, anahesabu, anaandika, anaenda kwa mwingine. Akichelewa kurudi sio kwamba ni mbaya. Ila kovu halimsubiri.

Haya, dada mtu asishangilie bado, kwa sababu mazingira hayahaya yanaifuata na oparesheni. Utafiti uliofanyika nchi 22 za Afrika na kutoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet Global Health 2019 ulionyesha mama akipasuliwa huku, hatari ya kufariki ni kama mara 50 ukilinganisha na nchi tajiri, zaidi kidogo ya watano kwa kila 1,000. Sehemu kubwa walikuwa wa dharura, sawa, wengi walifika wameshachelewa, kwa hiyo huwezi kuichukua namba hiyo umbandike mtu aliyepangiwa tarehe akaenda na damu yake imeshapimwa. Ila inakwambia wale wanaosema kisu ni dakika arobaini umemaliza wanaongelea kitu kingine. Baada ya hapo kuna kidonda, kuna kuinuka kitandani umeshika tumbo, kuna wiki sita za kutobeba ndoo, na sijui nani kwenye nyumba zetu anabebewa ndoo wiki sita.

Afu kuna jambo ambalo silisikii likisemwa kabisa, nalo kwangu ndo zito kuliko yote: unataka watoto wangapi? Kila oparesheni inaacha kovu, na mimba inayofuata kondo la nyuma linaweza kukaa chini juu ya kovu na kujishika humo likagoma kutoka. Utafiti wa Marekani wa 2006 uliofuatilia wanawake wengi waliopasuliwa ulikuta kwamba kondo likikaa chini, anayeingia oparesheni ya kwanza ana hatari ya kujishika kama asilimia 3, ya pili 11, ya tatu 40, ya nne 61. Hiyo ndo ile ya kutolewa kizazi na kuongezewa damu chupa kwa chupa. Mwanamke wa miaka 24 mwenye mume anayetaka watano, ukimpangia kisu mtoto wa pili kwa sababu tu anaogopa uchungu, umeshampangia na mimba zote zinazofuata. Wa miaka 38 anayefunga duka ni habari nyingine kabisa.

Kuna ambao mjadala huu hauwahusu. Aliyewahi kupata fistula akatengenezwa, kama wale wanaotibiwa hospitali ya CCBRT pale Dar, anaambiwa mtoto anayefuata ni kisu, ni kweli na aende. Aliyekatwa kwa wima mfuko wa uzazi naye hajaribu, wala ambaye kizazi kilishawahi kupasuka. Na hapa ndo tatizo, kwa sababu kovu la nje halikwambii la ndani limekatwaje, unaweza ukawa na mstari mzuri wa bikini na ndani ni wima. Inatakiwa iandikwe. Muulize mwanamke yeyote aliyepasuliwa kwanini alipasuliwa, wengi watakwambia "mtoto alichoka" au "njia ilikataa", kadi hawanayo, ilibaki hospitali au ililowa au ilipotea wakati wa kuhama nyumba. Kadi ya wifi tuliifuata kwenye sanduku la vyeti, imeandikwa kwa kifupi kile cha madaktari na ikabidi daktari wa kliniki atusomee. Kukata mlalo, chini. Bila karatasi ile tungekuwa tunabahatisha tu.

Wanaojaribu nao wasidanganywe na "dawa ya kuongeza uchungu" ya kienyeji inayochemshwa ikanywewa na chai. Hata vile vidonge vya hospitali vya kuanzisha uchungu, misoprostol, mwenye kovu mimba ikiwa imekomaa hapewi, na dripu ya uchungu inaongeza hatari ya kovu kuachia mara mbili hadi tatu. Sasa mama mkwe anayeleta chupa ya mizizi leba kwa nia njema hajui anachofanya. Pia muda. Mtoto wa kisu akiwa hajafikisha mwaka na nusu na wewe uko leba tena, kovu linakuwa dhaifu zaidi.

Na woga? Kuna watu wanasema woga sio sababu ya kitabibu. Mi sikubaliani. Mtu aliyeshonwa akiwa anapiga kelele, akapigwa makofi ya mapaja aambiwe asukume, huyo anaingia leba mwili umekaza, na Uingereza mwongozo wao tangu 2011 unasema mama akielezwa yote na bado anataka oparesheni apewe. Huku kwetu kinachotakiwa kabla ya kukimbilia kisu ni kumuuliza anaogopa nini hasa, maana kama anaogopa matusi ya leba, kubadilisha hospitali kunaweza kutosha kuliko kubadilisha njia ya kuzaa.

Kwa wifi, ningekuwa mimi kwa zile namba zake ningejaribu. Ila daktari aliuliza swali ambalo sisi wote hatukuuliza: tangu mtoto wa kwanza, upepo unazuilika? Akanyamaza, kisha akasema hapana, sio kila mara. Miaka yote hiyo hakumwambia mtu. Msuli wa haja kubwa haukurudi vizuri, na ukichanika tena unaweza usirudi kabisa, na kwa mtu kama huyo kisu cha kupangiwa kinaeleweka. Isitoshe anasema huyu ndo wa mwisho, wamekubaliana na kaka afungwe kizazi hapohapo, na hilo wamelisaini sasa hivi akiwa mzima sio siku ya siku akiwa kitandani.

Amepangiwa wiki 39, mapema zaidi ya hapo mapafu ya mtoto yanasumbua. Ila daktari amemwambia kama mmoja kwa kila kumi waliopangiwa uchungu unawaanza kabla ya tarehe, kwa hiyo kabegi kako tayari, jirani mwenye bajaji ameshaambiwa, na kwenye simu ya kaka ile 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, imeseviwa juu kabisa.