Mirihi Iliyozeeka: Ni Kisingizio?

Rafiki yangu mmoja hapa Dodoma, mwalimu, hataki kuisikia sura ya kwanza ya The War of the Worlds, riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898 inayosimulia viumbe wa Mirihi wakiivamia Uingereza. Humo Mirihi ni sayari iliyozeeka: imepoa, hewa yake nyepesi, bahari zimesinyaa hadi theluthi ya uso wake. Huo, asema mwalimu, ni utetezi wa mvamizi: njaa imewasukuma Wamirihi, basi tusiwalaumu.

Ana hoja. Maneno "hatukuwa na njia nyingine" Waafrika tuliambiwa zamani. Sayansi nayo imekwisha kumwacha Wells: wakati ule wengi walidhani Mirihi ni kongwe kuliko dunia, kumbe zote zina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi.

Lakini mwalimu amekifunga kitabu mapema mno. Mistari michache mbele, Wells anawakumbusha wasomaji wake Waingereza habari za Watasmania, wenyeji wa kisiwa cha Tasmania karibu na Australia, waliofutwa na walowezi wa Kizungu katika muda wa miaka 50. Alikosea kudhani wamekwisha wote, maana wazao wao wapo hadi leo. Hata hivyo, miaka hiyo 50 hainitoki akilini. Mtoto aliyezaliwa walowezi wakitia nanga mwaka 1803 angeweza kuushuhudia msiba wote kabla hajaota mvi. Je, Uingereza ilikuwa imezeeka? Mito yake ilikuwa imekauka? Wamirihi angalau walikuwa wanakufa. Walioteka Tasmania walikuwa wanakufa na nini?

Tena uzee wenyewe usomwe vizuri. Kondoa kulikuwa na makorongo ya kutisha, watu wakasema ardhi imekwisha. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mifugo ikaondolewa, kwa gharama kubwa kwa wafugaji, na majani yakarudi. Ardhi ile haikuwa imezeeka, ilikuwa imechoshwa. Mirihi ya Wells si Kondoa. Joto lililokwisha kutoka halirudi, hata wakazi wake wangekuwa waangalifu namna gani. Wells angeweza kuwafanya waharibifu wa kwao, nasi tukawachukia tangu mwanzo. Hakufanya hivyo. Lawama ya ukame amewaondolea yote, ili kibaki kitu kimoja tu cha kuwahukumu nacho: walichowatendea watu waliowakuta walipotua Surrey, huko Uingereza.