Sudan: hela ziende kwa wanaopika

Kila nikiona watu wanakusanya nguo za mitumba "kwa ajili ya Sudan" roho inaniuma, sio kwamba nia yao mbaya hapana, ila jamani mtu kule anatafuta atakachokula leo.

Vita ilianza 15 Aprili 2023, jeshi la serikali na RSF, kile kikosi chenye silaha kilichogombana na jeshi, na tangu hapo zaidi ya watu milioni 10 wamekimbia makwao, wengi hata mpaka hawajavuka, wamejibana humohumo nchini kwa ndugu na kwenye madarasa ya shule. Waliowapokea ni vijana wa mtaa. Wanajiita vyumba vya dharura, wengi wao walitoka kwenye zile kamati za mitaa zilizoandamana kumpinga rais wa zamani Bashir kwa hiyo walishajuana zamani, nani nesi, nani ana gari, nani ana kisima. Wenyewe wanaita nafir, sisi tungesema msaragambo.

Kuna video nimeirudia sijui mara ngapi. Sufuria kubwa la adesi (zile dengu) liko kwenye kuni, kijana anakoroga kwa mti mrefu kama kasia, watoto wamepanga foleni na vindoo, na kila mmoja anaulizwa kwenu mko wangapi ndo achotewe, kadogo kamoja kakanyoosha vidole sita. Sasa yule kijana shati langu atalifanyia nini? Anataka hela ya adesi na kuni, na hela inafika kwa simu kupitia Bankak, app ya benki ya kule, Msudani aliye nje akituma jioni asubuhi jiko linawaka. Februari 2024 mtandao ulipokatika majiko mengi yakazima kwa sababu hela haikuwa na pa kupita, alafu mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasimamisha misaada, yakafungwa mamia.

Wanaosema "tutawaaminije, hawana ofisi" wananikera kwa kweli. Hao wanaishi hapohapo, ukila hela ya sufuria jirani aliyelala njaa ndo wa kwanza kujua. Na wanakamatwa, wengine wameuawa, pande zote mbili zinawashuku, na kesho yake mwingine anashika mwiko. Mwaka 2025 walipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, nilifurahi sana.

Kama una rafiki Msudani muulize tu kwao mtaa gani na nani anapika pale siku hizi. Namba atakuwa nayo.