Viatu vya mbio: nenda sokoni na semeli zako

Hapa Goma wengi wetu tunanunua viatu vya mbio kwenye chagua, yaani mitumba, na tunavinunua kwa macho. Muuzaji wa Birere anakuinulia kimoja kutoka kwenye rundo: "Mukubwa, hii ingali mupya, angalia rangi!" Na kweli kinang'aa, kamba zimebadilishwa. Nilinunua hivyo. Baada ya wiki tatu za kukimbia asubuhi upande wa Himbi, muundi wa kushoto ulikuwa unauma hata nikipanda ngazi.

Kinesi, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyenipokea hakuanza na mguu. Alikiweka kiatu juu ya meza, akanigeuzia kisigino. Kilikuwa kimelalia upande wa ndani kama nyumba iliyotitia. Sikukilaza mimi. Kuna mtu, sijui wa nchi gani, alikivaa miezi mingi kwa mwendo wake, nami nikaurithi mwendo huo.

Mguu wangu ni bapa. Nikitoka kuoga, alama inayobaki sakafuni ni ya wayo mzima, uvungu hauonekani. Kwa maumivu yale nikatengenezewa semeli za ortopedi, yaani soli za ndani za kuunyanyua wayo, nikazitumbukiza juu ya semeli ya kiatu yenyewe. Mguu ukapanda, kisigino kikawa kinachomoka kila hatua, kucha zikagonga mbele. Kumbe semeli ya kiwandani hutolewa kwanza, ndipo yako iingie. Kama imegundishwa na haitoki, kiache kiatu hicho hata ukipewa bure.

Tena, semeli ikishanyanyua wayo, usitafute kiatu chenye ukingo mgumu upande wa ndani. Marekebisho mawili kwenye mguu mmoja yanaweza kuusukuma nje, na juu ya makoro yetu, haya mawe ya volkano, kuteguka ni jambo la sekunde moja. Chukua kiatu cha kawaida, kilichosimama wima, chenye kina cha kutosha.

Ila sitaki kijana mwenye mguu bapa asiyeumwa popote atishwe hadi auze simu anunue semeli. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya wakimbiaji wapya 927 waliofuatiliwa mwaka mzima, wote wakiwa na viatu vya kawaida visivyo na marekebisho. Wale ambao miguu yao inalalia ndani kiasi hawakuumia zaidi ya wengine. Kiatu kinachokukaa vizuri tangu dakika ya kwanza kina maana kuliko jina la aina ya mguu wako.

Kwa hiyo nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi zako na semeli zako mkononi. Vaa viatu vyote viwili, usimame, uache upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kisha bonyeza pembeni lile povu, sehemu laini iliyo juu ya soli. Likiwa gumu kama ubao limekufa, hata kama soli bado ina meno yote. Mara nyingi povu huchoka kati ya kilomita 500 na 800. Na soli yenyewe iwe nene, maana mawe ya volkano ya 2002 bado yanakata mpira kila siku.

Jumamosi iliyopita nilimwomba muuzaji kipande cha ubao, nikaweka juu yake jozi moja baada ya nyingine na kuchuchumaa nyuma ya viatu, nione kama visigino vimesimama wima. Mwanzoni alinuna. Kwenye jozi ya sita akaanza kunipangia mwenyewe, visigino vikinitazama.