Vibati Vinane

Mwezi mzima gari langu linapiga mluzi kila nikigusa breki, nami najifanya sisikii. Watoto wanajua baba anarudi kabla sijakata kona. Kumbe ule mluzi una kazi yake: ni kibati chembamba kilichotegwa makusudi kwenye pedi ya breki, kile kipande kinachobana diski ya chuma inayozunguka na gurudumu, ili pedi ikikaribia kwisha kikwaruze diski na kukusema hadharani.

Nikasema, fundi wa nini? Pedi nimenunua, jeki ninayo, spana ninazo. Mama watoto akauliza, "Baba, una hakika?" Nikamjibu kwa sauti nene, ile ya mtu asiye na hakika.

Nimeinua gari, nimechuchumaa, ndipo nakumbuka nati za gurudumu sijazilegeza. Nikisukuma spana, gurudumu linazunguka nayo. Nikashusha, nikalegeza, nikainua upya, nikaweka stendi. Jasho chapachapa, kazi haijaanza.

Wenye akili hufungua upande mmoja, ule mwingine wanauacha uwe wa kuchungulia wakisahau. Mimi, kwa mbwembwe zangu, nilifungua pande zote mbili.

Pedi zenyewe hazikunisumbua. Zilikuwa zimelika hadi kubaki kama kadi ya simu, zikatoka bila ubishi. Balaa ni vile vibati ambavyo masikio ya pedi huteleza juu yake. Vinane! Ukivitazama, mapacha watupu. Jaribu kukichomeka kimoja sasa, ndipo kinakwambia mimi wa juu, wa chini ni yule pale. Nikabembeleza, nikatukana kimoyomoyo, kimoja kikaruka ting! kikapotelea chini ya gari. Nimelala chali nakipapasa, paka wa jirani akaja kunikagua usoni kama daktari wa zamu. Kilikuwa kifuani pangu, kwenye mfuko wa shati.

Haya, kurudisha ndani pistoni, ile inayosukuma pedi, ili pedi mpya nene zipate nafasi. Nikaweka klampu, nakaza polepole, najisifu. Kumbe wiki iliyopita niliona mafuta ya breki yameshuka, nikaongeza mpaka juu. Yalikuwa yameshuka kwa sababu pedi zimelika! Sasa pistoni inarudi, mafuta yanarudi, kikopo chake kinafurika, na yale mafuta hula rangi ya gari. Nikakimbilia ndoo ya maji nikiwa na kandambili moja. Watoto wakashangilia.

Jioni nimefunga kila kitu, nati nimezikaza gari likiwa chini, nimeketi kwenye usukani kama rubani. Nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka sakafuni. Roho nayo ikazama. Nikakanyaga tena, na tena, pistoni nilizozirudisha zikazifuata pedi, pedali ikaanza kupanda, ikawa ngumu. Bahati nzuri injini nilikuwa sijaiwasha, na mama watoto alikuwa ndani.

Nikalizungusha mtaani taratibu, nakanyaga kidogo kidogo ili pedi zizoeane na diski. Kimya. Mluzi hakuna! Nikashusha kioo nikaufaidi ule ukimya.

Ndipo nikasikia kok, kok, kok, gurudumu la nyuma kushoto. Sauti hiyo sijui ina miezi mingapi, mluzi ulikuwa unaifunika.

Nikapandisha kioo, nikawasha redio.