Distosheni nzito: gaini ibaki juu au ishushwe?

Anayeanza kurekodi gitaa la distosheni (sauti iliyokwaruzwa kwa makusudi) hufungua gaini ya ampu, yaani kitufe kinachoamua distosheni iwe nzito kiasi gani, hadi 8 au 9, kisha hushangaa: gitaa lililokuwa likinguruma chumbani linasikika kwenye rekodi kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mafundi wa studio humwambia ashushe hadi 4 au 5 na arekodi sehemu ileile mara mbili. Wengi huupuuza ushauri huo kwa kuamini kuwa unaua uzito.

Wanaopenda gaini wana hoja. Noti ya solo hudumu, na noti zinazopigwa kwa vidole vya mkono wa kushoto bila kuchapwa na piki hazifi. Kwa solo, acha gaini juu.

Kwa ridhimu, yaani kodi zinazobeba wimbo, mambo ni mengine. Distosheni hukata vilele vya wimbi. Unavyozidi kukata ndivyo ule mchapo wa piki kwenye uzi, unaobeba nusu ya uzito, unavyozama. Tena noti mbili zikipita pamoja kwenye distosheni huzaa nyingine. E ya chini (Hz 82) na B iliyo juu yake (Hz 123) huzaa Hz 41, yaani E ya oktavu moja chini, ndiyo maana pawakodi, yaani noti hizo mbili zikipigwa pamoja, inavuma. Ongeza G# katikati: tofauti zake na E na B hazilingani, na kodi inaanza kutetemeka kisha inageuka tope. Gaini ikiwa 4, kodi hiyohiyo bado inasikika noti kwa noti.

Uzito uliopungua unarudishwa na treki mbili, kila moja ikipigwa upya, moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa. Vitofauti vya mkono na muda ndivyo vinavyoipanua sauti. Kunakili treki moja upande wa pili ni kujidanganya. Sauti inabaki katikati, imepanda tu. Gharama ipo: mpigaji asiye makini atasikika vibaya maradufu, hasa pale noti zinapokatwa.

Maiki nayo husahauliwa. Shure SM57 ikae sentimita 2 au 3 kutoka wavu wa spika, ikilenga pale kifuniko cha katikati kinapokutana na koni. Ikilenga katikati kabisa, sauti inachoma. Isogeze sentimita 1 kuelekea pembeni na ukali unapungua kabla hujagusa ekwalaiza. Kama nyuzi za chini bado zinavimba unapozizima kwa kiganja, tanguliza pedali ya Tube Screamer, kitufe cha drive (distosheni yake) kwenye 0 na cha level (sauti inayotoka) juu: inapunguza besi kabla haijafika kwenye ampu.

Kwenye miksi, kata gitaa chini ya Hz 80 hadi 100. Likisikilizwa peke yake litaonekana jembamba, na hapo ndipo wengi hukimbilia tena gaini, ilhali gitaa la besi, linalojaza sauti za chini, halijawashwa.